Kijana aliyekutwa ndani ya gari la wizi: je, aliyepanda tu ana kosa?

Swali: Assalamu alaykum, wakili. Ninaishi Birmingham na watoto wangu. Usiku wa Ijumaa mwanangu wa miaka 15 alipitiwa nyumbani na rafiki yake wa miaka 17 aliyekuwa na gari, wakazunguka mjini, kisha polisi wakawasimamisha. Ikaonekana kwamba gari lile lilikuwa limechukuliwa nje ya nyumba ya watu siku mbili kabla. Mwanangu anasema aliambiwa ni gari la binamu yake huyo rafiki. Polisi walimchukua alama za vidole, wakabaki na simu yake, na kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda sana wakamwachia kwa dhamana, arudi kuhojiwa mimi nikiwepo. Yeye usukani hakuugusa kabisa. Je, ana kosa gani? Ndugu zangu wananishauri nimwambie aseme yote na kuomba radhi ili mambo yaishe. Na ombi lake la uraia, ambalo tulikuwa karibu kulipeleka, je, litaharibika?

Jibu: Waalaykumu salaam, mama, na pole kwa mtihani huu. Nitajibu kwa sheria ya Uingereza na Wales, kwa kuwa ndiyo inayotumika hapo ulipo. Scotland wana sheria na utaratibu wao.

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Katika nchi hii kupanda tu gari lililochukuliwa bila idhini ya mwenyewe kunaweza kuwa kosa la jinai linalojitegemea, hata kama aliyepanda hakuliiba, hakuliendesha, wala hakufaidika nalo kwa senti moja. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 kinamtia hatiani mtu anayechukua chombo cha usafiri bila ridhaa ya mwenyewe, na kinamtia hatiani pia mtu ambaye, akijua kwamba chombo kimechukuliwa hivyo, anakiendesha au anakubali kubebwa ndani yake. Kwa hiyo maneno "hakuugusa usukani" ni ya kweli na yana uzito wake pale adhabu inapopimwa, lakini peke yake hayamwondolei kosa. Kinachoweza kumwondolea ni lile neno moja lililomo ndani ya kifungu chenyewe: "akijua".

Ni upande wa mashitaka unaopaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba mwanao alijua gari lile limechukuliwa bila idhini, na kwamba alilijua hilo wakati gari likiwa linakwenda naye ndani. Haitoshi kusema kwamba kijana mwenye akili angepaswa kushuku, au kwamba mtu mwingine katika nafasi yake angeuliza maswali zaidi. Kijana wa miaka 15 aliyeambiwa "hili ni gari la binamu yangu" na akaamini kwa dhati, hata kama aliamini kwa upumbavu wa umri wake, hajatenda kosa hili. Hata hivyo mahakama haimwachi mtu aliyefumba macho kwa makusudi, yaani yule ambaye jibu lilikuwa wazi mbele yake akachagua kutouliza ili asije akaambiwa ukweli. Mtu huyo huhesabiwa kuwa alijua.

Ndiyo maana polisi watapekua mambo ambayo kwako yanaweza kuonekana madogo. Watauliza kama gari liliwashwa kwa ufunguo wake au kwa njia nyingine, kama namba zilikuwa zimebadilishwa, kama kioo kilikuwa kimevunjwa au sehemu ya kuwashia imeharibiwa. Watauliza kama ndani mlikuwa na kiti cha mtoto, barua au vitu vya watu ambavyo binamu wa rafiki asingekuwa navyo. Watauliza pia ni kwa vipi kijana wa miaka 17 alikabidhiwa gari la aina ile. Zaidi ya yote watasoma simu, kwa sababu vijana huandikiana kila kitu na kupigana picha za video ndani ya gari huku wakijisifu. Ujumbe mmoja wa saa moja kabla ya safari unaweza kumsafisha mwanao kabisa, na ujumbe mwingine unaweza kumfunga mdomo.

Lipo swali ambalo vijana husahau kulifikiria kabla ya kujibu: je, kama hakujua alipopanda, lakini alijua njiani? Mahakama zimeshaamua kwamba mtu aliyepanda bila kujua, kisha akaarifiwa au akatambua, na akaendelea kukaa gari likiendelea kwenda, anaweza kutiwa hatiani kwa kipande kile cha safari kilichofuata baada ya kujua. Lakini ili tuseme "alikubali kubebwa", lazima awe alipata nafasi ya kweli ya kushuka. Kijana aliyegundua gari likiwa kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kasi, au aliyeomba ashushwe akakataliwa, hayuko sawa na yule aliyesimama nao kituo cha mafuta, akashuka kununua soda, kisha akarudi kukaa. Vilevile mtu anayekutwa amekaa ndani ya gari lililoegeshwa, ambalo halikwenda popote akiwa ndani, hajabebwa. Sasa angalia hatari iliyopo: kijana asiye na mshauri, akitaka kuonekana mkweli, anaweza kusema "mwishoni nilianza kuhisi si lake, lakini nikanyamaza". Yeye ataona amejitetea, kumbe ametoa sehemu kubwa ya ushahidi ambao polisi hawakuwa nao.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na ushauri wa ndugu zako. Najua unatoka wapi. Kwetu mtoto akikosea huletwa mbele ya wazee, akakiri, akaomba radhi, na jambo likafungwa pale pale. Ni desturi njema na sitaki uiache nyumbani kwako. Chumba cha mahojiano cha polisi si baraza la wazee. Kila neno linarekodiwa, na anayeuliza hana mamlaka ya kusamehe. Kazi yake ni kukusanya ushahidi. Kwa hiyo mwanao asihojiwe bila wakili. Ushauri wa wakili katika mahojiano ya polisi ni bure kwa kila mtu, kipato chako hakiulizwi, na haki hiyo ipo hata pale polisi wanaposema kwamba mahojiano ni ya hiari na kijana hajakamatwa. Ukiambiwa kwamba kumsubiri wakili kutachelewesha mambo, jibu kwa upole kwamba mtasubiri. Ni afadhali zaidi umtafute sasa, kabla ya siku yenyewe, na uchague ofisi yenye mawakili waliozoea kesi za vijana, kwa sababu mahakama ya vijana ina kanuni zake na si kila wakili wa jinai anazifahamu vizuri.

Kabla ya mahojiano polisi watamsomea onyo ambalo maana yake ni hii: si lazima aseme lolote, lakini utetezi wake unaweza kudhurika iwapo hatataja, anapoulizwa, jambo ambalo baadaye atalitegemea mahakamani; na lolote atakalosema linaweza kutolewa kuwa ushahidi. Sehemu ya katikati inatokana na sheria ya mwaka 1994, na inawachanganya sana watu waliotoka katika nchi ambako kunyamaza hakumdhuru mtuhumiwa. Hapa kunyamaza kunaruhusiwa, na hakuna anayeweza kutiwa hatiani kwa sababu ya ukimya peke yake, lakini mahakama inaweza kujiuliza: kama kweli aliambiwa gari ni la binamu, mbona hakusema siku ile? Kwa sababu hiyo wakili, baada ya kuelezwa na polisi wana ushahidi gani, atapima mojawapo ya njia tatu: kijana ajibu maswali yote, anyamaze, au asome taarifa fupi iliyoandikwa inayoweka utetezi wake wazi na kisha asijibu zaidi. Kwa kijana ambaye kwa kweli hakujua, njia hiyo ya tatu mara nyingi huwa na busara, ila uamuzi ni wa wakili aliyeuona ushahidi, si wangu niliye mbali.

Wewe mwenyewe utakuwa na kazi ndani ya chumba kile. Mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 hahojiwi bila mtu mzima wa kusimama naye, ambaye kwa kawaida huwa mzazi. Hukai pale kama mtazamaji. Una haki ya kuuliza endapo swali halieleweki, ya kusema mtoto amechoka au anahitaji maji, ya kuomba mahojiano yasimame, na ya kumwitia wakili hata kama yeye mwenyewe, kwa haya au kwa ujasiri wa kitoto, alisema hamhitaji. Ukiona Kiingereza cha polisi kinakupita, waambie mapema kabla siku haijafika. Na ukihisi hasira au machozi yatakushinda, si aibu kumpa nafasi hiyo baba, mjomba au mtu mwingine mzima anayeaminika. Lakini shika sana jambo hili moja: mazungumzo ya mwanao na wakili wake ni siri inayolindwa na sheria, ilhali yako na mwanao hayana ulinzi huo. Mwachie nafasi ya kuzungumza na wakili peke yao. Usimkalishe usiku kucha kumhoji wewe, kwa maana unaweza kuitwa kueleza alichokwambia.

Halafu mzuie asiwasiliane na yule rafiki kuhusu jambo hili, iwe kwa simu, kwa ujumbe au kupitia mtu wa tatu, na asifute chochote katika simu nyingine, kompyuta au akaunti zake. Vijana wawili wakikaa kupanga maelezo yafanane, au picha zikitoweka baada ya polisi kuingia, kosa dogo linaweza kuzaa tuhuma ya kuvuruga mkondo wa haki, ambayo ni nzito kuliko hiyo iliyowaleta kituoni. Kama dhamana yake ina sharti la kutokutana na rafiki huyo, sharti hilo lifuatwe hata kama wanasoma shule moja. Wakili aombe lirekebishwe ikiwa halitekelezeki.

Umeniuliza ana kosa gani, nami nimezungumzia lile lililo karibu zaidi. Kwa haki niyataje na mengine ambayo polisi wanaweza kuyafikiria. Wizi wenyewe unahitaji nia ya kumnyang'anya mwenyewe mali yake moja kwa moja, na hauwezi kumwangukia mtu aliyepanda siku mbili baadaye bila ushahidi kwamba alishiriki tangu mwanzo. Kupokea au kusaidia kuhifadhi mali ya wizi ni kosa lenye adhabu ya juu ya miaka 14 kwa watu wazima, lakini kukaa tu kiti cha abiria si kuisaidia mali ile ihifadhiwe wala iuzwe. Linalonifanya nikuombe umakini ni ufunguo. Magari mengi nchini hapa huchukuliwa baada ya mtu kuingia nyumbani kwa mwenyewe na kutwaa funguo, na kama ndivyo ilivyokuwa, basi polisi wana kesi ya uvunjaji wa nyumba mikononi, na watataka kujua mwanao alikuwa wapi usiku ule wa siku mbili kabla. Kaa ukumbuke usiku huo. Alikuwa nyumbani? Alikuwa madrasa, mazoezini, kwa shangazi yake? Nani alimwona, na kuna risiti, picha au kadi ya basi inayoonyesha? Mpelekee wakili mambo haya mapema, kwa sababu kamera za madukani na za mabasi hazihifadhi picha milele.

Tushukuru kwamba hamkunieleza habari ya ajali wala kukimbizana na polisi. Tangu mwaka 1992 ipo aina nzito zaidi ya kosa hili, pale gari linapoendeshwa kwa hatari, au linaposababisha majeraha au uharibifu, au linapoharibiwa lenyewe. Aliyepanda akijua anaweza kuingizwa humo pamoja na dereva, ingawa miguu yake haikukanyaga mafuta; adhabu ya juu ni miaka 2, na ikiwa mtu amekufa ni miaka 14. Anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba uendeshaji au uharibifu ule ulitokea kabla hajapanda, au kwamba hakuwemo ndani wala karibu na gari ulipotokea. Kama gari lilikutwa na michubuko, basi swali la ni lini ilipatikana litakuwa na uzito kwa mwanao kuliko kwa mtu mwingine yeyote, maana siku mbili zilishapita kabla yeye hajaliona.

Jambo jingine ambalo halielezwi kwa vijana, na mimi naona lingewazuia wengi kuliko tishio la jela: abiria aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kuamini, kwamba gari ni la wizi anaweza kukosa fidia ya bima akiumia. Kipimo hapo ni chepesi kuliko cha jinai, kwa kuwa "sababu ya kuamini" inatosha. Kijana anaweza kuvunjika uti wa mgongo akiwa na miaka 15 na asipate fidia ambayo abiria mwingine angepata.

Sasa niseme yatakayotokea ikiwa ushahidi utamwelemea. Umri wa kuanza kuwajibika kwa jinai katika Uingereza na Wales ni miaka 10, umri ambao kwa maoni yangu ni mdogo mno (Scotland ni miaka 12, na Kenya nayo ilipandisha hadi 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022), kwa hiyo utoto wake haumzuii kushitakiwa, ila unabadilisha kila kitu kuhusu namna anavyoshughulikiwa. Kosa la kubebwa ndani ya gari husikilizwa na mahakimu, na adhabu yake ya juu kwa mtu mzima ni miezi 6. Kwa kijana asiye na rekodi, polisi na timu ya halmashauri inayoshughulikia watoto wanaokinzana na sheria hutazama kwanza kama jambo linaweza kumalizwa nje ya mahakama: kwa suluhu ya kijamii, kwa onyo la vijana, au kwa onyo lenye masharti, kama vile kuhudhuria vikao au kumwandikia mwenye gari barua. Onyo la vijana hudai kijana akiri kosa. Hapa ndipo ndugu zako wana sehemu ya haki: kama kwa kweli alijua, na ushahidi upo, basi kukiri mapema, kwa ushauri wa wakili, ndilo lango la kubaki nje ya mahakama. Lakini akiri kwa sababu alitenda. Nimewaona wazazi wanaowasihi watoto wao wakiri wasichokifanya ili warudi nyumbani mapema, na rekodi ile ikawafuata.

Akifikishwa mahakamani, itakuwa mahakama ya vijana, ambayo haiko wazi kwa umma, na vyombo vya habari haviruhusiwi kumtambulisha. Kwa kuwa ana miaka chini ya 16, wewe utatakiwa kuhudhuria, na faini au fidia ikiamriwa kwa kawaida mzazi ndiye hulipa. Kijana anayekiri katika mashitaka yake ya kwanza mara nyingi hupewa amri ya kwenda mbele ya jopo la raia wa eneo lake, wakaandikiana mkataba wa miezi 3 hadi 12 wa mambo atakayofanya. Amri hiyo ikiisha, hatia nayo huhesabiwa imeisha. Kifungo cha vijana ni hatua ya mwisho na sikitarajii katika habari uliyonipa. Mahakama inaweza pia kumzuia kuendesha gari kwa muda, hata kama hajawahi kushika leseni.

Kuhusu cheti cha rekodi ya jinai kinachotolewa na DBS, idara ya serikali inayokagua rekodi hizo, ambacho ataombwa akitaka kazi ya hospitali, shule au utunzaji wa wazee, kanuni zilibadilishwa Novemba 2020. Maonyo ya utotoni hayaandikwi tena moja kwa moja hata katika vyeti vya daraja la juu, na hatia nyingi za utotoni zisizo za kifungo huondolewa baada ya miaka 5 na nusu. Hilo lisikufanye uone onyo ni kitu bure, kwa maana linabaki kwenye kumbukumbu za polisi na wapo wenye haki ya kuliuliza.

Mmoja wa wenye haki hiyo ni Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo ndipo swali lako la uraia linapoingia. Kwa kawaida anayeombewa uraia akiwa na miaka 10 au zaidi hupimwa mwenendo wake. Lazima mtaje kesi hii, hata ikiwa bado inachunguzwa. Kuficha ni kosa zaidi ya tendo lenyewe, kwa kuwa ombi linaweza kukataliwa kwa udanganyifu, na hata uraia uliokwisha kutolewa unaweza kuvuliwa. Ushauri wangu ni kwamba msipeleke ombi hadi jambo hili lifike mwisho, kwa sababu ombi linaloambatana na uchunguzi usiokwisha hukawia au hukataliwa, na ada hairudi yote. Wakiamua kutomshitaki, ombeni barua inayosema hivyo na muiambatishe. Akipewa onyo, wakili wa uhamiaji atawapangia muda wa kusubiri na maelezo ya kuandika, nayo yataje umri wake na aliyoyafanya tangu hapo shuleni na nyumbani.

Kibali chake cha kuishi hakiondoki kwa sababu ya kukamatwa. Sheria ya mwaka 2007 inayolazimisha kufukuzwa nchini kwa mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi inamwacha nje aliyekuwa chini ya miaka 18 siku alipotiwa hatiani, na habari ya mwanao haijafika popote karibu na kiwango hicho. Maombi yako mwenyewe, mama, kama unayo, yatapimwa kwa mwenendo wako. Mwambie tu wakili wa jinai, siku ya kwanza kabisa, kwamba mwanao si raia bado, kwa sababu taarifa hiyo inaweza kubadilisha ushauri wake kuhusu kukubali onyo au kulikataa, na hataijua asipoambiwa.